Kura Moja, Mikutano Ishirini

Tarehe 27 Novemba 2024, sisi wa Tanzania Bara tulichagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. CCM ikatangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, vyama vya upinzani vikalalamika kwamba wagombea wao walienguliwa, na tangu hapo kila kijiwe kina hakimu wake. Mimi sitaongeza hukumu nyingine. Nataka tufanye hesabu tu. Wenyeviti wale wamechaguliwa kwa miaka mitano. Katika miaka hiyo, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwaka una mikutano minne; kipindi kizima kina mikutano ishirini. Ile kura moja tunaigombania mpaka mashemeji hawasalimiani. Ile mikutano ishirini tunaiacha iahirishwe kwa kukosa akidi, halafu tunarudi nyumbani kulalamika kwamba hatusikilizwi.

Naandika kukuomba, ndugu yangu, uende. Nakuomba wewe uliyeko kijijini, na wewe uliyehamia mjini ukaacha mama, shamba na makaburi ya babu kule nyumbani. Nitakueleza kwa nini, na nitapita mbali kidogo kabla sijafika.

Kuna swali linaloulizwa sana siku hizi, hasa na vijana: bunge la kazi gani? Zamani sababu ilionekana. Mtu wa Kasulu hakuweza kufika Dodoma kila wiki, basi akamtuma mmoja amsemee. Leo mtu huyohuyo analipa ada ya mtoto, anatuma rambirambi na kununua umeme kwa simu akiwa shambani. Kwa nini asiipigie kura bajeti ya nchi kwa simu hiyohiyo, mheshimiwa akapumzika? Wakubwa wakiulizwa hivyo hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu hata katiba zetu zinaliunga mkono nusu yake. Ya Tanzania, katika ibara ya 8, inasema Serikali inapata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi. Ya Kenya ya 2010 imekwenda mbali zaidi: ibara ya 1 inawaruhusu wananchi kuyatumia mamlaka yao wao wenyewe moja kwa moja, au kupitia wawakilishi waliowachagua. Wananchi wametangulia, wawakilishi wamefuata.

Majirani zetu walilipima jambo hilo kwa uchungu katikati ya 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuja na mapendekezo ya kodi yaliyogusa mpaka mkate. Vijana wakauchukua, wakausoma kipengele kwa kipengele, wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani katika video fupi, wakawaonyesha mama zao ni kipi kitapanda bei na kwa nini. Namba za simu za wabunge zikasambazwa, ujumbe ukamiminika. Kamati ya Bunge ilikuwa imekusanya maoni ya umma, kama ibara ya 118 inavyoagiza, na baadhi ya kodi zikaondolewa. Muswada ukabaki. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaukataa. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge, risasi zikapigwa, watu wakafa. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini.

Wananchi walishinda, tena dhidi ya kura ya wawakilishi wao wenyewe. Lakini barabara ya waandamanaji inajua neno moja tu, nalo ni hapana. Haiwezi kuketi ikapanga hospitali ya wilaya ipewe kiasi gani na barabara ya lami isubiri mwaka gani. Na hapana ile ililipiwa kwa roho za watoto wa watu. Tunahitaji mahali ambapo mtu anaweza kukataa jambo mapema, akiwa amekaa, bila mtu kuzikwa kwa ajili yake.

Je, mahali hapo ni kwenye simu? Nina shaka, wala si kwa sababu ya mtandao kukatika. Simu inakuuliza ndiyo au hapana, na aliyeandika swali amekwisha kuifanya nusu ya kazi kabla hujabonyeza. Wakenya wanakumbuka kura ya maoni ya Novemba 2005. Katiba nzima, sura juu ya sura, iligeuzwa matunda mawili: ndizi kwa wanaokubali, chungwa kwa wanaokataa. Asilimia 58 hivi walichagua chungwa. Walikataa nini hasa? Madaraka ya rais, ardhi, mahakama za kadhi, au walikuwa wanamchapa Rais Mwai Kibaki fimbo ya kisiasa? Sanduku halikusema. Waingereza nao mwaka 2016 waliulizwa wabaki katika Umoja wa Ulaya au watoke, asilimia 51.9 wakasema watoke, na kwa kuwa hakuna aliyewauliza watoke namna gani, bunge lao likabishana mpaka Januari 2020 ndipo nchi ikatoka.

Zanzibar walifanya vizuri zaidi. Kura yao ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliuliza jambo moja linaloeleweka: iwepo Serikali ya Umoja wa Kitaifa au isiwepo. Asilimia 66.4 walikubali. Siri ya kura ile, kwa maoni yangu, haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa kwenye maridhiano ya Novemba 2009, Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walipokaa pamoja baada ya miaka ya visasi, na kwenye miezi iliyofuata ambapo jambo lilizungumzwa misikitini, majumbani na barazani mpaka likaiva. Swali lilipofika kwa mpiga kura lilikuwa limekwisha kuwa lake.

Kwenye katiba ya Muungano hatukubahatika. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilianza kazi mwaka 2012, ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni, na mwaka 2013 yakakaa mabaraza ya katiba ambamo watu walisoma rasimu na kuijadili. Nadhani hatujapata tena kipindi ambacho watu wengi kiasi kile walizungumza juu ya nchi yao kwa utaratibu. Rasimu ikaenda Bunge Maalumu la 2014, muundo wa serikali tatu uliopendekezwa ukaondolewa, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Hadi leo haijapigwa.

Nikiyaweka hayo pamoja naona kwamba mwananchi hanyimwi sana fursa ya kujibu. Anakosa fursa ya kuwepo swali linapotengenezwa, kulibadilisha, na kusema si hilo, tuulizeni lile. Hapo ndipo napenda kisa cha Glarus.

Glarus ni mkoa mdogo wa milimani nchini Uswisi, wenye watu wapatao 40,000. Jumapili ya kwanza ya Mei wapiga kura wake hukusanyika katika uwanja wa wazi mjini, wakajadili sheria na kodi za mkoa, kisha wakapiga kura kwa kuinua kadi. Kiongozi wa mkutano hazihesabu. Hutazama wingi wa kadi na kukadiria kwa macho. Mtu yeyote mwenye haki ya kupiga kura anaweza kupanda jukwaani akapendekeza marekebisho. Mwaka 2006 serikali ya mkoa ilikuja na mpango wa kupunguza manispaa kutoka 25 hadi 10. Mpango ulikuwa umeandaliwa na wataalamu, umejadiliwa kamatini, umefungwa vizuri. Mwananchi mmoja akasimama, akapendekeza zibaki tatu tu. Kadi zikainuka, nyingi kuliko ilivyodhaniwa, na mpango wa wakubwa ukafa pale pale. Wasioridhika walidai mkutano wa dharura. Ukakaa Novemba 2007, na wananchi wakarudia uamuzi wao. Tarehe 1 Januari 2011 manispaa tatu zikaanza kazi.

Hebu fikiri kama lile jambo lingepigiwa kura kwa simu. Swali lingekuwa: manispaa kumi, ndiyo au hapana? Ile tatu isingekuwepo popote.

Sitaki kukuuzia Uswisi kama pepo. Nchi ile ile inayosifiwa kwa kuwasikiliza wananchi iliwanyima wanawake kura ya taifa mpaka 1971, kwa sababu waliokuwa wakiulizwa ni wanaume. Katika mkoa wa Appenzell Innerrhoden wanaume waliendelea kukusanyika uwanjani na kuinua mikono kuwakatalia mama zao na wake zao mpaka mahakama kuu ya nchi ilipowalazimisha mwaka 1990. Mwaka 2009 asilimia 57.5 ya wapiga kura wa nchi nzima walipiga marufuku ujenzi wa minara ya misikiti, wakati nchi nzima ilikuwa na minara minne. Sisi tuliokulia pwani, ambako adhana na kengele za kanisa husikika mtaa mmoja, hatuhitaji kufundishwa kwamba wengi wakiachwa bila mipaka wanaweza kumwonea jirani yao kwa utaratibu mzuri kabisa. Kwa hiyo anayedhani wananchi wakikaa wenyewe hawatahitaji katiba wala mahakama, nampa pole.

Waswisi hawakulifuta bunge lao pia. Lipo, lina wabunge 246 katika mabaraza mawili, linatunga sheria kila mwaka. Ila sheria ikishapita, wananchi 50,000 wakiisainia pingamizi ndani ya siku 100 inarudi kwa taifa zima kupigiwa kura. Wakifika 100,000 ndani ya miezi 18 wanaweza kupendekeza wao wenyewe mabadiliko ya katiba. Mbunge anaandika akijua kuna mtu nyuma yake anayesoma. Nikiulizwa kama serikali za uwakilishi zitaondoka kupisha demokrasia ya moja kwa moja, jibu langu ni kwamba wawakilishi hawataondoka, wala si lazima waondoke. Kinachoweza kuwatoka ni neno la mwisho. Na neno hilo halitolewi kwa hisani. Linachukuliwa na watu waliokwisha kuzoea kukaa, kusoma na kuamua. Swali letu sisi ni kama tumezoea.

Ngazi ya mkoa, Uswisi imebakiwa na mikutano miwili tu ya namna ile, wa Glarus na wa Appenzell Innerrhoden. Tanzania Bara, kwa mujibu wa sheria, inayo katika vijiji zaidi ya 12,000.

Soma Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za wilaya, ya mwaka 1982. Mkutano mkuu umetajwa kuwa mamlaka ya juu kabisa kuhusu sera na mambo ya kijiji. Ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, na ndio unaoweza kumwondoa mjumbe mmoja au wote. Mbunge wako huna njia ya kumwondoa kati ya uchaguzi na uchaguzi. Wa kijijini unayo. Halmashauri ya kijiji ikitaka kutunga sheria ndogo, iwe ya mifugo au ya vilabu vya pombe, lazima iitishe mkutano mkuu uijadili kabla ya kuipeleka halmashauri ya wilaya. Mjini nako kuna mkutano wa mtaa, japo haujapewa uzito huo.

Kisha soma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Hapa ndipo pana uhai wetu. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila kibali cha mkutano mkuu kwanza. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwenda kwenye ardhi ya jumla, tuseme kwa ajili ya mwekezaji, na haizidi hekta 250, ambazo ni kama ekari 618, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye mwenye uamuzi, baada ya kuyazingatia mapendekezo ya mkutano. Kwa maneno mengine, kadiri kinachoondoka kinavyokuwa kikubwa ndivyo sauti ya mwenye nacho inavyokuwa ndogo. Naona kifungu hicho kimekaa kichwa chini miguu juu, na siku wananchi watakapodai kibadilishwe nitakuwa miongoni mwao. Hata hivyo, hata kwa ardhi kubwa, sheria inasema uhamisho usifanyike mpaka aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa viwe vimekubaliwa. Hiyo ni silaha, ila inamtaka mtu wa kuishika.

Wilaya ya Kisarawe ina kumbukumbu ya jambo hili. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji zaidi ya kumi ili ilime mibono ya kutengenezea mafuta. Watu waliahidiwa ajira, visima, shule. Mwaka 2011 mradi uliishiwa fedha na vibarua wakaachishwa kazi. Mibono haikuleta mafuta ya maana. Ardhi haikurudi kijijini yenyewe, kwa sababu ilikwisha kuhamishwa. Ikabaki kwenye makaratasi ya wengine huku waliokuwa wakiokota kuni na dawa humo wakikuta wamefungiwa njia. Mwekezaji huondoka na hasara yake na kuanza kwingine, ila mwanakijiji aliyekosa swali moja kwenye mkutano mmoja, kwamba mradi ukifa ardhi inarudi kwa nani, jibu lake linalala na wajukuu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mikutano yenyewe. Najua kwa nini watu hawaendi. Mbiu ya mgambo inalia saa mbili, kikao kinaanza saa sita. Mwenyekiti anawasubiri wageni kutoka wilayani. Wageni wanahutubia saa nzima. Taarifa ya mapato na matumizi inasomwa mbiombio, tarakimu zikifuatana kama mashairi ya mtoto wa shule. Mwenye kuuliza anaitwa mchochezi, au anaambiwa akae aheshimu wakubwa. Jambo zito, lile la ardhi, linaletwa jioni chini ya kipengele cha mengineyo, wakati akina mama wamekwisha kwenda kuteka maji na kuinjika chungu. Kisha karatasi ya mahudhurio inazunguka, na miezi ikipita unasikia kwamba kijiji kiliridhia. Ukiwa umeyaona hayo mara mbili, ya tatu unakwenda shamba. Sikulaumu.

Wala si udhaifu wa Kiafrika. Waathene, ambao dunia nzima inawataja kwa demokrasia, walikuwa na tatizo hilohilo. Katika michezo yake Aristophanes anawachekesha watu kwa walinzi wanaowasukuma raia kutoka sokoni kwa kamba iliyopakwa rangi nyekundu, ili aliyezubaa doa limuumbue. Baadaye ikabidi wawekewe posho ya kuhudhuria kwa sarafu yao, kwanza oboli moja, kisha mbili, kisha tatu. Watumwa na wanawake, kwa kweli, hawakuitwa kabisa. Kwa hiyo anayekwambia zamani watu walipenda mikutano, muulize zamani ya wapi.

Nasi tuna picha yetu tunayoipenda kupita kiasi: wazee chini ya mti wakizungumza mpaka wakubaliane. Mwalimu Nyerere aliitumia picha hiyo mwaka 1963 katika kijitabu chake kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama, akitetea chama kimoja. Namheshimu Mwalimu, lakini naomba ruhusa nimuulize akina mama walikuwa wapi chini ya mti ule, na kijana ambaye hajaoa, na mtu wa ukoo mdogo. Mti uliwasikia waliokuwa na haki ya kukaa kivulini. Mkutano mkuu wa kijiji ni bora kuliko mti kwa sababu moja tu: sheria inamtaja kila mkazi wa miaka 18. Msichana aliyemaliza kidato cha nne na babu yake wana mkono mmoja mmoja.

Basi ukienda, nenda na kazi. Kaa mbele. Ukiwa mama, njoo na wenzako watano na mkae pamoja, kwa sababu mama mmoja akisimama ni kelele, sita wakisimama ni hoja. Sikusudii kuwafundisha, nyinyi mmekwisha kuzijua siri hizi katika vikoba. Ombeni kikao kianze na muhtasari wa kikao kilichopita na yatokanayo: nini kiliamuliwa, nani alipewa kazi, ameifanya? Ombeni mapato na matumizi yabandikwe ubaoni siku kadhaa kabla, ili mtu aje ameyasoma, na aulize juu ya ushuru wa mazao au mchango wa darasa akiwa na tarakimu mkononi. Ardhi isikubaliwe kuingia kwenye mengineyo. Iwe ajenda iliyotangazwa, ukubwa utajwe kwa hekta na kwa ekari, mpaka uonyeshwe kwa miguu kwa anayetaka kuuona. Na juu ya karatasi ya mahudhurio yaandikwe maneno yanayosema ni ya mahudhurio tu. Uamuzi uwe na karatasi yake, wenye kukubali na wenye kukataa wahesabiwe, idadi isomwe kabla watu hawajatawanyika.

Kijana mwenye simu, sasa ndiyo zamu yako, na sikukusahau. Piga picha muhtasari uliosainiwa. Piga picha ubao wa matangazo. Rusha kwenye kundi la kijiji, ambalo nusu ya wanachama wake wako Dar es Salaam, Mwanza na Muscat. Msomee bibi ambaye macho hayaoni. Hiyo ndiyo teknolojia ninayoiamini, ile inayomfikisha mtu mkutanoni akiwa anajua, kabla haijafikiriwa ile ya kumfanya asiende.

Kaunti ya Makueni nchini Kenya imeonyesha kwamba hili halihitaji malaika. Tangu 2013, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, mikutano ya bajeti ilianzia vijijini na kupanda ngazi kwa ngazi mpaka kaunti. Wananchi walichagua kamati za miradi kutoka miongoni mwao, na mkandarasi alihitaji kamati hiyo iridhike na kazi ndipo alipwe. Haikuwa safari tulivu. Bunge la kaunti na gavana waligombana juu ya bajeti vibaya kiasi kwamba wananchi wakaandika maombi ya kuivunja kaunti nzima ili waanze upya, na tume iliyochunguza ikaafiki. Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Kaunti ikabaki, na vikao vya wananchi vikaendelea. Napenda sehemu ile ya mkandarasi kuliko nyingine zote. Mtu aliyezoea kumaliza kazi kwa kukutana na ofisa mmoja, sasa anasubiri mama muuza nyanya apande ngazi akague zege.

Nawe mwenyekiti, nawe mtendaji wa kijiji, wito huu usikutie hofu. Najua mna kazi nyingi, maagizo kutoka juu kila siku, na posho isiyotosha nauli. Lakini uamuzi uliopitishwa na watu mia tatu waliouelewa unakulinda kuliko muhuri. Siku mkaguzi au mkuu wa wilaya akiuliza, hujibu peke yako. Msiitishe mkutano siku ya gulio wala wiki ya mavuno. Anzeni saa mliyotangaza, hata mkiwa wachache, mkisubiri akidi huku mkisoma taarifa. Watu wakijua kikao kinaanza kwa saa wataacha kuja saa sita. Wageni wa wilayani wapewe dakika zao mwishoni.

Nitamalizia na sisi tulio mbali. Hatuna kura kule, kwa kuwa mkutano ni wa wakazi, na ni haki hivyo. Si vizuri mtu wa Kariakoo akaamua malisho ya mtu wa Kiteto. Lakini ndio tunaotuma hela ya mbolea, ndio tunaorudi kuzika, na mara nyingi ndio wa kwanza kupiga kelele tunaposikia shamba la ukoo limo ndani ya ramani ya mtu. Leo jioni mpigie mama au kaka aliyebaki. Mkishajuliana hali, muulize mkutano mkuu wa mwisho ulikaa lini, nini kiliamuliwa, na kama mapato na matumizi yalisomwa. Akikutajia tarehe, muulize wa robo hii ni lini, umtumie nauli ya bodaboda siku hiyo. Akikwambia haujakaa mwaka mzima, mwombe yeye na majirani waandike barua fupi kwa mwenyekiti kuomba uitishwe, wataje sheria ya 1982, wasaini wengi kadiri iwezekanavyo, nakala moja iende kwa mtendaji wa kata na nyingine kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.